Jinsi Mwenye Duka Achaguavyo Njia ya Kulipwa

Katika kila mji mdogo wa Afrika ya Mashariki liko duka ambalo watu hulipitia asubuhi na jioni. Hapo huuzwa sukari, chumvi, sabuni, unga, mafuta ya kupikia, viberiti na madaftari ya shule. Mtoto atumwapo dukani hupewa fedha mkononi akaambiwa, "Nenda kalete kilo moja ya sukari, wala usisahau chenji." Mtoto huenda, hununua, hurudi. Kwake yeye jambo limekwisha. Kwa mwenye duka jambo halijakwisha, maana kila malipo ayapokeayo yana kazi yake, gharama yake na hatari yake.

Siku hizi mnunuzi mmoja huja na noti, wa pili huja na simu ya mkononi, wa tatu huja na kadi ya benki, na wa nne huja mikono mitupu akasema, "Niandike, nitalipa mwisho wa mwezi." Wote wanne wataka sukari ile ile kwa bei ile ile. Je, mwenye duka awakubali wote? Na kama sivyo, amkatae nani? Mtu asiyefanya biashara aweza kudhani kwamba fedha ni fedha, na njia zinayojia si kitu. Lakini njia ni jambo kubwa, na duka jema laweza kufa kwa sababu mwenyewe aliichagua vibaya.

1. Swali la tangu zamani

Wafanya biashara wa kale walilijua swali hili kabla ya kuwapo benki wala simu. Zamani misafara ilipotoka Bagamoyo kwenda bara, haikubeba sarafu nyingi. Ilibeba nguo, ushanga na nyaya za shaba, maana vitu hivyo ndivyo vilivyokuwa fedha za njiani. Nguo ya pamba isiyotiwa rangi, iliyotoka Marekani, iliitwa merikani, na jina hilo limebaki hata leo. Ushanga nao ulikuwa na taabu yake: rangi iliyopendwa katika nchi moja ilikataliwa katika nchi ya pili. Mwaka 1871 Stanley alipojitayarisha kwenda kumtafuta Livingstone, ilimpasa kwanza kuuliza habari za ushanga unaopokelewa kila mahali. Msafara wenye ushanga usiotakiwa ungeweza kulala njaa katikati ya vyakula tele.

Katika Uganda watu walilipana kwa kauri, ziitwazo simbi. Pwani zilipita riale za fedha zenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria, na kila riale ilikuwa na mwaka 1780, hata kama ilipigwa miaka mingi baadaye. Zilipita pia rupia za Bara Hindi pamoja na pesa zake. Wajerumani walipotawala, walipiga rupia yao wenyewe. Kwanza rupia moja ilikuwa pesa 64. Tangu mwaka 1904 ikawa heller 100. Watu wakalitamka neno hilo kwa ulimi wa Kiswahili, na ndiyo asili ya neno hela.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza sarafu zilikuwa haba. Wajerumani wakachapa noti za karatasi, na mwaka 1916 wakapiga sarafu mjini Tabora. Vita vilipokwisha, noti zile hazikununua kitu tena. Ikaja shilingi ya Afrika ya Mashariki, iliyoanza mwaka 1921. Unguja iliendelea na rupia mpaka mwaka 1936, ndipo nayo ikaingia katika shilingi. Mwaka 1966 Tanzania, Kenya na Uganda kila moja ikatoa shilingi yake.

Katika mabadiliko hayo yote mwenye duka alijiuliza neno moja moyoni mwake: "Nikikipokea kitu hiki leo, kesho nani atakipokea kwangu?" Aliyepata jibu la kweli aliendelea na duka lake. Aliyekosa alibaki na ushanga usiotakiwa, au na karatasi isiyo na kazi. Swali hilo halijazeeka.

2. Ada huhesabiwa juu ya bei, hulipwa na faida

Chukua mfano wa mama mwenye duka la vyakula pale Chalinze, mahali ambapo barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika, moja ikaenda Morogoro, ya pili ikaelekea upande wa Tanga. Na iwe kwamba siku moja mama huyu auza vitu vya shilingi 100,000. Mtoto amwonaye jioni akihesabu noti husema, "Huyu ni tajiri." Lakini vitu hivyo yeye mwenyewe alivinunua duka la jumla kwa shilingi 92,000. Kilichobaki ni shilingi 8,000 tu, na katika hizo atatoa kodi ya chumba, gharama ya umeme, na sare za watoto wake.

Sasa na iwe kwamba malipo yote ya siku ile yalikuja kwa njia inayokatwa ada ya shilingi moja katika kila shilingi mia. Moja katika mia ni kitu kidogo masikioni. Lakini kwa mauzo ya shilingi 100,000 ada hiyo ni shilingi 1,000. Nazo hazitoki kwa mwenye duka la jumla, wala hazitoki ndani ya gunia la sukari, bali hutoka katika zile 8,000. Zabaki 7,000. Kumbe sehemu moja katika mia ya mauzo imekula sehemu moja katika nane ya faida!

Jirani yake ni fundi wa cherehani. Fundi naye akipokea shilingi 100,000 kwa kushona nguo, labda kitambaa, uzi na vifungo vimemgharimu 40,000, na zile 60,000 ni ujira wa mikono yake. Ada ile ile ya 1,000 humwachia 59,000, wala haioni sana. Kwa hiyo njia moja ya malipo yaweza kumfaa fundi na kumwumiza mwuza sukari, ijapokuwa wanapakana ukuta kwa ukuta. Mwenye duka asiyejua faida yake ni kiasi gani katika kila mia, hawezi kujua ni ada gani aiwezayo.

3. Fedha taslimu

Noti na sarafu zina sifa kubwa. Mwenye duka huzipata papo hapo, hazihitaji mtandao wala umeme, na hakuna mtu wa kati akataye kitu. Mtoto azijua, mzee azijua, na mwenye duka la jumla hazikatai. Ndiyo sababu hata leo ni vigumu kuona duka dogo lisilopokea fedha taslimu.

Walakini watu hukosea wadhanipo kwamba fedha taslimu hazina gharama. Gharama zake zipo, ila hazikuandikwa mahali. Ya kwanza ni chenji. Asubuhi mapema mnunuzi huja na noti ya shilingi 10,000 kununua kiberiti. Mwenye duka asipokuwa na fedha ndogo, hukosa mauzo, au hukimbia kwa jirani kuomba avunjiwe noti, na huku nyuma duka halina mtu. Ya pili ni noti za bandia. Mwenye duka mwangalifu huipapasa noti kwa vidole, kisha huiinua kwenye mwanga aione alama iliyofichwa ndani ya karatasi. Asipofanya hivyo na noti ikawa ya uongo, hasara ni yake peke yake, maana bidhaa imekwenda, na chenji ya kweli imekwenda pia. Ya tatu ni ulinzi. Fedha zilizolala dukani huita mwizi. Zilizofukiwa ardhini huliwa na mchwa. Zinazopelekwa benki ya mbali huhitaji nauli na nusu ya siku.

Tena noti zenyewe zaweza kubadilishwa. Tarehe 1 Juni mwaka 2019 Kenya ilitangaza kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 zitakoma kutumika baada ya tarehe 30 Septemba ya mwaka ule. Aliyesikia alizipeleka benki akapewa nyingine. Aliyezificha chini ya godoro bila kusikiliza habari, siku ile ilipopita alibaki na karatasi tu, kama wale wa zamani waliobaki na noti za Wajerumani.

4. Fedha za simu

Mwezi wa Machi mwaka 2007 huduma ya M-Pesa ilianza Kenya, na mwaka 2008 ikaanza Tanzania. Kampuni nyingine za simu zikafuata na huduma zao. Hapo kwanza ilikuwa njia ya kutumiana fedha tu: kijana afanyaye kazi mjini aliwapelekea wazazi wake walioko kijijini. Kisha watu wakaanza kulipia vitu madukani kwa njia ile ile.

Hapo taabu ikazuka. Fedha iliyoingia katika simu ya mwenye duka haikuwa noti bado. Akitaka kuigeuza kuwa noti, ilimpasa kwenda kwa wakala na kukatwa ada. Basi akamwambia mnunuzi, "Tuma na ya kutolea," yaani aongeze kiasi kitakachokatwa kwa wakala. Wengine walikubali, wengine walinuna, na wengine wakavuka barabara wakanunue duka la pili. Neno hilo la "ya kutolea" ladhihirisha jambo kubwa: ada ikiwapo, lazima mtu mmoja aibebe, ama mnunuzi ama mwuzaji, na mwenye kubebeshwa aweza kuondoka.

Baadaye kampuni za simu zilitengeneza namba za maduka. Kenya huduma ya Lipa na M-Pesa ilianza mwaka 2013, na Tanzania ziko namba ziitwazo lipa namba. Namba hiyo hubandikwa ukutani, mnunuzi huiandika katika simu yake, na fedha huingia katika hesabu ya duka, si katika simu ya nyumbani. Faida yake ni kwamba fedha za biashara hazichanganyiki na fedha za kitoweo, na kila malipo hubaki yameandikwa. Lakini kanuni za ada hazifanani katika kampuni zote, tena hubadilika. Mwenye duka mwenye busara huomba orodha ya ada, akaisoma yote kabla ya kubandika namba yoyote ukutani.

Ada hizo si za kampuni tu. Serikali nayo yaweza kuziongeza au kuzipunguza. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Kenya iliondoa ada za kutuma fedha ndogo kwa simu zisizozidi shilingi 1,000, ili watu wasishikane noti mikononi. Nayo malipo madogo ya simu yakaongezeka. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai 2021, Tanzania iliweka tozo juu ya kutuma na kutoa fedha kwa simu. Watu wengi walilalamika, na mwezi wa Septemba mwaka ule ule tozo hiyo ikapunguzwa kwa sehemu 30 katika mia. Kwa mambo hayo mawili mwenye duka hufunzwa kwamba njia iliyokuwa rahisi mwaka jana yaweza kuwa ghali mwaka huu. Uchaguzi haufanywi mara moja tu katika maisha.

Njia ya simu ina wezi wake pia. Mlaghai huja wakati duka limejaa watu, akachukua mafuta na mchele, akaonyesha simu yake mwenyewe akisema, "Tazama, nimekwisha kutuma." Ujumbe uonekanao katika simu yake aweza kuwa aliuandika kwa mkono wake. Basi mwenye duka hatazami simu ya mnunuzi. Hutazama simu yake mwenyewe, akaangalia salio limeongezeka, ndipo atoapo bidhaa. Hata mnunuzi akiwa na haraka, hata akiwa amevaa vizuri, kanuni ni ile ile. Na mnunuzi mwaminifu hachukizwi nayo.

Mwisho, mtandao hupotea. Yaweza kutokea siku ya gulio, watu wamejaa, na simu zote zikanyamaza. Duka lililotegemea simu peke yake siku hiyo hukaa kama shamba lisilo na mvua.

5. Kadi na hundi

Mwenye kadi ya benki huigusisha au huiingiza katika mashine ndogo, na benki yake hulipa benki ya mwenye duka. Njia hii humfaa muuzaji ambaye wanunuzi wake hutoka mbali na hununua vitu vya bei kubwa. Mwenye kuuza vinyago na vitambaa katika Mji Mkongwe wa Unguja huwapata wageni wasiopenda kutembea na noti nyingi. Akikataa kadi, mgeni huacha kinyago cha bei kubwa na kununua kidogo tu. Faida ya kinyago huweza kubeba ada. Lakini mashine huhitaji mtandao, ada hukatwa kwa kila malipo, na mara nyingi fedha haziingii katika hesabu ya duka saa ile ile. Kwa mwuza chumvi na viberiti mashine hiyo ni mzigo: hugharimu kila mwezi na kulala juu ya meza.

Hundi, ambayo wengi huiita cheki, ni karatasi ambayo mtu huiagiza benki yake imlipe mwingine. Zamani ilitumika sana na mashule, mashirika na wafanya biashara wakubwa. Mwenye duka huipokea leo, lakini fedha huzipata baada ya siku kadhaa. Na kama hesabu ya mwandishi wake ni tupu, hundi hurudishwa na benki. Kwa hiyo hundi hupokewa kwa mtu ajulikanaye tu, na bidhaa nyingi hazitolewi mpaka benki imekwisha kulipa.

6. Deni

Iko njia ya kale kuliko zote hizi, nayo ni deni. Watu wengi wa mijini hulicheka daftari la madeni, lakini katika vijiji vya wakulima daftari hilo ndilo lililoshikilia duka na wanunuzi wake pamoja. Mkulima wa korosho wa Mtwara au wa kahawa wa Kilimanjaro hapati mshahara kila mwezi. Fedha zake huja wakati wa kuuza mazao. Lakini chumvi, sabuni na mafuta ya taa huvitaka mwaka mzima. Duka lisilokopesha kabisa litamkosa mkulima huyo miezi mingi, na atakapopata fedha zake atazipeleka kwa yule aliyemfaa wakati wa njaa.

Hata hivyo deni ndilo linaloua maduka madogo mengi. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Mwenye duka akikopesha vitu vya shilingi 10,000 na mkopaji akahama, hakupoteza faida tu. Amepoteza na mtaji alionunulia vitu vile. Yule mama wa Chalinze, ambaye faida yake ni 8 katika kila mia, itampasa auze vitu vingine vya shilingi 115,000 ili apate faida ya kuziba pengo la 9,200 alizonunulia vitu vilivyopotea. Ni kazi ya zaidi ya siku nzima, kwa ajili ya neno moja: "Niandike."

Basi mwenye duka mwerevu hukopesha kwa mpaka. Humkopesha mtu amjuaye, kwa kiasi kilichotajwa, kwa siku iliyotajwa. Huandika mbele ya macho ya mkopaji. Wala haongezi deni jipya kabla la kale halijalipwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

7. Jinsi ya kupima

Sasa yule mama wa Chalinze achague vipi? Kwanza hukaa juma zima akiwatazama wanunuzi wake, akiandika kila mtu atakaye kulipa kwa njia ipi, na kila mtu aondokaye bila kununua kwa kuwa njia yake haikupokewa. Mwisho wa juma huona kwamba wanunuzi wake ni wa namna tatu. Wako abiria wa mabasi, wenye haraka, asiowajua, wanaonunua maji na biskuti. Wako walimu na wauguzi, ambao mishahara yao hupita katika benki na simu. Wako wakulima wa jirani, ambao fedha zao huja wakati wa mavuno. Mwenye kadi alikuja mmoja tu.

Kisha hufanya hesabu. Na iwe kwamba akibandika namba ya malipo ya simu, kila siku atapokea kwa simu shilingi 60,000. Katika hizo, 40,000 ni za watu wale wale waliokuwa wakilipa noti, na 20,000 ni za wanunuzi wapya ambao zamani walipita bila kununua. Ada ya moja katika mia ni shilingi 600. Faida ya wanunuzi wapya, kwa 8 katika mia, ni shilingi 1,600. Akitoa 600 katika 1,600 hubaki na 1,000. Basi njia hiyo imemletea faida.

Lakini kama wanunuzi wapya wangeleta shilingi 5,000 tu, na zile 55,000 zingekuwa za watu wale wale wa zamani, faida mpya ingekuwa 400, na ada ingekuwa 600 vile vile. Hapo angepoteza shilingi 200 kila siku, na huku akiona simu yake ikilia tangu asubuhi hata jioni, akadhani mambo yanakwenda vizuri. Wingi wa malipo si wingi wa faida.

Baada ya hesabu hujiuliza lile swali la kale: "Kesho nani atakipokea kwangu?" Huenda kwa mwenye duka la jumla akamwuliza kama atapokea malipo ya simu. Akijibiwa ndiyo, fedha zilizoingia kwa simu hutoka kwa simu, na hakuna haja ya kwenda kwa wakala. Akijibiwa kwamba ataka noti tu, itampasa kulipa ada ya kutoa kila mara, na hesabu yake yote itabadilika. Hivyo njia njema si ile inayompendeza mnunuzi peke yake, bali ile inayofika salama mpaka mahali pa kununulia bidhaa nyingine.

Mwisho mama huyo aliamua hivi. Noti na sarafu atazipokea kwa watu wote, na kila jioni ataweka kando sarafu za chenji ya asubuhi. Malipo ya simu atayapokea kwa namba ya duka, si kwa simu yake ya nyumbani, wala hatatoa bidhaa kabla hajaona salio lake. Mashine ya kadi hataichukua mwaka huu, ila mwakani atahesabu tena. Deni atawapa wakulima anaowajua, kwa mpaka ulioandikwa, naye hatawapa abiria kamwe. Bei ni moja kwa watu wote, nayo ameiandika ubaoni kwa chokaa, pamoja na njia apokeazo, ili asiwepo mtu wa kushangazwa au kuona haya wakati wa kulipa.

Duka la jirani laweza kuamua vingine, na likawa halikukosea. Fundi wa cherehani, mwuza vinyago, mwuza samaki wa gulioni na mwenye duka la dawa kila mmoja ana faida yake, wanunuzi wake na mahali pake pa kupeleka fedha. Akosaye ni yule apokeaye kila njia kwa sababu jirani ameipokea, au akataaye kila njia mpya kwa sababu baba yake hakuijua.

Na mtoto atumwaye dukani, akiona namba iliyobandikwa ukutani, noti ikiinuliwa kwenye mwanga, na daftari lililochakaa chini ya meza, atajua sasa ya kuwa vitu hivyo vyote vyalinda zile shilingi chache zinazobaki jioni, ambazo kwazo duka litafunguliwa tena kesho.

Maswali

1. Kwa nini Stanley aliuliza habari za rangi za ushanga kabla ya safari yake?
2. Neno hela lilitoka wapi?
3. Eleza kwa nini ada ya shilingi 1,000 ni nzito kwa mwuza sukari kuliko kwa fundi wa cherehani.
4. Taja gharama tatu za kupokea fedha taslimu.
5. Kwa nini mwenye duka hatazami simu ya mnunuzi?
6. Mwenye duka mmoja apata faida ya shilingi 10 katika kila mia. Kwa njia ya simu apokea shilingi 50,000 kwa siku, na katika hizo 10,000 ni za wanunuzi wapya. Ada ni moja katika mia. Je, njia hiyo yamletea faida au hasara? Ni kiasi gani?
7. Litazame duka lililo karibu na nyumbani. Andika njia za malipo zinazopokelewa hapo, ukaeleze kwa nini mwenyewe alizichagua.